Fagio na Pete ya Nesi

Ukimwona kwa mbali ungedhani anafagia ufuo. Ndiyo maana wauza miwani wa pale walimwita Fagio, na jina likamganda, ingawa nyumbani mkewe alimwita baba. Alitembea polepole kwenye mchanga, mashine ya kutafutia vyuma mkononi, ile sahani yake ya chini ikipita huku na huku, hedifoni kubwa masikioni. Kiunoni alining'iniza mifuko miwili, mmoja wa takataka, mmoja wa riziki. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi bomba, na magoti yake aliyaacha huko huko chini ya masinki ya watu.

Mimi natembea sana, sina kazi nyingine siku hizi, kwa hiyo nikimkuta amekaa, nami nakaa. Alinieleza mashine inavyosema. Msumari hukoroma. Kizibo cha soda hubweka. Sarafu na vitu vya fedha hulia kwa sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua.

"Ukiisikia hiyo," alisema, "unapiga magoti hata kama magoti hayataki."

Lakini mwaka ule magoti yalipigwa kwa misumari tu. Zamani alirudi na sarafu ishirini, hereni, siku nyingine mkufu. Sasa mfuko wa takataka ulijaa, wa riziki ukalala. Fagio alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa kila aliyekaa karibu: watu wameacha kubeba sarafu, wanalipa kila kitu kwa simu, hata maji ya kunywa. "Na simu haidondoki mfukoni vipande vipande." Nilimkubalia. Yalikuwa maelezo mazuri. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba magoti ya suruali anayoshona viraka yamezidi nguo za wateja.

Halafu akaja nesi. Alikuwa amepoteza pete ya fedha, ya marehemu mama yake, karibu na ngazi za mawe.

"Ulikung'uta taulo?" Fagio alimuuliza.

"Nilikung'uta."

"Ukiangalia maji au ukiyapa mgongo?"

Akamwonyesha. Akasema Jumamosi anahamia mji mwingine kikazi, na kwamba ile pete ndiyo kitu pekee cha mama alichobaki nacho. Vingine ndugu waligawana yeye akiwa zamu.

Fagio akachomeka vijiti vinne, akapita mraba ule kwa urefu, akapita kwa upana. Jumatano nzima, Alhamisi nzima. Akapata misumari mitatu na kijiko kilichopinda. Jioni ya Alhamisi alikaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akakiangalia bila kumwaga mchanga.

"Kesho namwambia bahari imeila," alisema. Nadhani alitaka iwe hivyo, kwa uchovu.

Ijumaa asubuhi, ili aseme hivyo kwa moyo mweupe, aliijaribu kwanza mashine: aliazima pete ya fedha ya mkewe, akaifukia kidogo tu kwenye rundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya nyumba, akapitisha mashine. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Alifurahi kweli, kwa sababu sasa lilikuwa kosa la mashine, na mashine hutengenezwa. Akanipitia, tukaenda wote kwa fundi redio.

"Inaumwa nini?"

"Imekuwa bubu. Chuma inakikoromea, fedha haisemi."

Fundi akaweka pete mezani, akavaa hedifoni, akapitisha. Akakunja uso. "Mbona inapiga kelele, mzee wangu? Imenichoma mpaka jino bovu."

"Lete." Fagio akavaa. Akangoja. "Pitisha basi."

"Nimepitisha mara tatu."

Fundi akaongeza sauti mpaka mwisho. Mimi niliyekaa hatua mbili pembeni nilisikia ule mlio ukivuja. Fagio alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayengojea jina lake liitwe kwenye foleni.

"Mashine haina ugonjwa," fundi alimwambia baada ya kumvua hedifoni. "Baba yangu alianza hivi hivi. Lori alilisikia, mlio wa simu hakuusikia."

Tulipokaribia kwake Fagio alisimama. "Mwaka mzima nimekuwa nikipita juu ya sarafu na hereni," alisema. "Nikazisingizia simu."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani.

"Mama, masikio yangu yamekwisha."

"Najua. Chakula nakuita mara nne."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Hukusikia." Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Na yule nesi?"

"Anaondoka kesho. Nitamwambia haipo."

"Ipo au haipo?"

Mkewe akaiweka nguo ya watu kando. "Nionyeshe hicho kidude kinavaliwaje."

Ufuoni alikivaa juu ya kitambaa cha kichwa, akaingia mrabani na viatu vyake vya kutokea. Fagio akamfuata nyuma.

"Usiinue. Sahani ilambe mchanga."

"Baba, sikusikii wewe, nasikia mashine. Hapa kuna kitu kinakoroma kama wewe."

"Msumari huo, acha. Hapana, polepole. Unakimbilia wapi?"

"Mimi sikuwahi kuja kukufundisha kufunga bomba."

Mstari wa tatu akasimama. Akarudi nusu hatua. "Kuna mbu," alisema.

Fagio akapiga magoti, akachota kwa koleo lake la matundu, akachekecha. Pete ilibaki. Ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kijiti, mahali alipopita labda mara kumi.

Nesi, alipopigiwa simu, alifika na sare yake ya kazi. Aliivaa pete, akaizungusha kidoleni, akasema, "Mzee, una masikio wewe."

Angeweza kuitikia tu. Mkewe alikuwa pembeni anakung'uta gauni, wala asingempinga.

"Sina, mwanangu. Nimepita juu yake siku mbili sikuisikia. Mshukuru mama."

Nesi, kwa kuwa ni nesi, alimshika kidevu akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akachungulia, akamtajia chumba cha kwenda hospitalini. Fagio akasema ndiyo, ndiyo. Sijui kama ataenda.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa uani kwao, akaja mtu aliyepoteza mkufu. Fagio alimsikiliza akiwa amemtegea sikio la kulia, kisha akamwonyesha dirisha la cherehani. "Muulize mama kama ana nafasi."

Mkewe alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Baada ya saa kumi," alisema. "Na huyo asinifuate nyuma akinifundisha."

Fagio akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta viatu vyake.