Nyumba Yangu Ilipendeza, Nikafukuzwa

Jamani, umewahi kufukuzwa kwako kwa sababu pamependeza mno?

Mimi yalinikuta.

Jumatatu jioni narudi kuchuma chai, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Nafika kwenye chumba changu cha kambi, naona kuta nyeupe pee, mlango mpya wa buluu, na bomba la maji limechomoza ukutani. Nikadhani nimepotea.

Vitu vyetu vyote viko nje. Mke wangu amekalia godoro, binti yetu yuko mapajani, anakohoa.

"Hapa ni kwetu?" nikauliza.

"Ni kwetu. Ila haturuhusiwi kuingia."

Akatokea mnyapara wetu. Sisi tunamwita Ndiyo Mzee, maana mbele ya mabosi hajawahi kutamka neno jingine.

"Alhamisi kuna wageni, wanunuzi wa chai. Wanataka kuona wafanyakazi wanaishije," akasema. "Nyumba yako iko karibu na barabara, kwa hiyo ndiyo ya mfano. Msiichafue."

"Sasa tulale wapi?"

"Kwa jirani, siku tatu tu. Ukiongea vizuri na wageni, inabaki hivi hivi. Ni yako."

Hapo akanimaliza. Binti yetu ana miaka minne, na kifua chake hakikuwa kimepona tangu mvua zianze. Paa linavuja, kuni mbichi, moshi hauna pa kutokea. Kwa ajili ya kile kifua, nilikuwa tayari kusema hata kwamba tunafuga tausi.

Tukahamia kwa jirani, watu tisa chumba kimoja. Ukitaka kujigeuza, unaomba ruhusa.

Na lile bomba? Kumbe halikuunganishwa popote! Nyuma ya ukuta waliweka pipa, na Alhamisi asubuhi wanawake wa kambi wakachota maji mtoni kulijaza. Mke wangu peke yake alibeba ndoo sita.

"Mwenzangu, si tuwaambie ukweli tu?" akaninong'oneza.

"Thubutu! Unataka mtoto arudi kwenye moshi?"

Wageni wakaja. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo, viatu vimejaa matope, daftari mkononi. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akatabasamu.

"Kaka, nyumba zote ziko hivi?"

"Zote, mama. Hii ndiyo mbovu."

Ndiyo Mzee nusura apige makofi.

"Paa halivuji? Moshi hauwasumbui?"

"Moshi tunausikia kwa watu tu, mama. Sisi hapa tunaishi kama wafalme."

Akanitazama machoni. "Una hakika hamna mnachohitaji?"

Mke wangu akanikanyaga mguu. Mimi nikajibu, "Labda maua ya hapo mlangoni."

Akaandika, akafunga daftari.

Gari lao halijapotea kwenye kona, mafundi wakaja kung'oa mlango na bomba. Kumbe ni vya kuazima! Nikamkimbilia mnyapara.

"Tulia," akaniambia. "Subiri majibu. Umeongea vizuri sana."

Wiki mbili baadaye, tuko kwenye mizani tunapima majani, Ndiyo Mzee akatusomea barua. Alianza kwa sauti ya kwaya. Katikati akaanza kusoma neno moja moja.

Wale watu hawakuja kukagua. Walikuwa wanatafuta shamba lenye hali mbaya kuliko yote, walijengee nyumba upya: mabati, majiko yenye bomba la moshi, maji hadi mlangoni. Walitushukuru kwa mapokezi. Sisi, wakasema, tumeshafika mbali, kwa hiyo mradi unakwenda shamba la jirani. Kule mnyapara alikuwa mgonjwa, hawakupata muda hata wa kufagia.

Kambi nzima ikanigeukia mimi.

"Ndiyo, mzee," mnyapara akasema, na wala hakuna aliyemuuliza kitu. Maskini, paa lake linavuja kuliko langu.

Leo nikisimama mlangoni nayaona mabati mapya ng'ambo ya njia. Watoto wa kule wamepona vifua. Wangu bado anakohoa, na kila akikohoa naona aibu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, tena nikausifia. Ndugu yangu, ukiulizwa unaumwa wapi, onyesha papo hapo, hata kama umepakwa rangi.

Jana mvua ilinyesha. Nimekaa nje chini ya upenu, najifanya sisikii, mke wangu akaita kutoka ndani:

"Mfalme! Lete ndoo, huku kunavuja."