Aliyekufa Hatoi Ushuhuda

Siku yangu ya kwanza mgodini nilipewa kamba, sikupewa sururu. Mume wangu alikuwa amefariki, shamba la mkonge lilikuwa limeacha kuandika watu, na shule mimi niliiacha nikiwa bado mdogo. Nikashuka kutoka Bura, nikaiacha barabara ya Taveta pale Mraru, nikaingia vichakani kwa miguu mpaka kwenye machimbo ya vito vya kijani. Msimamizi wa kwanza, mzee wa Kidawida, Mtaita kama mimi, mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Umewahi kuteka maji kisimani?"

"Maisha yangu yote."

"Basi kazi unaijua. Tofauti ni kwamba huku kwenye kamba kuna mtoto wa mtu."

Nyinyi vijana mnaoona kito kwenye pete hamjui kinatoka wapi, kwa hiyo niwaeleze. Shimo letu lilishuka wima kama kisima, halafu likapinda likawa njia ya kulala. Humo mtu alitambaa akifuata mshipa, yaani ule mstari wa mwamba unaobeba vito. Sisi wa juu tuliwashusha wachimbaji kwa winchi, gogo lenye mikono ya chuma lililozungushiwa kamba, kisha tukapandisha kifusi kwa ndoo. Kamba ikivutwa mara moja, unapandisha ndoo. Ikitikiswa ovyo, unapandisha mtu, na huulizi.

Yule msimamizi alikuwa mtu wa sala. Kila asubuhi alivua kofia mdomoni mwa shimo, akaomba, nasi tukaitikia. Halafu alishuka wa kwanza kugonga dari. Kugonga ni hivi: unachukua mtaimbo, unaugusagusa mwamba ulio juu yako, unasikiliza. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliojitenga hulia kama debe tupu, na huo unaung'oa ukiwa umekaa kando, au unauegemeza kwa nguzo. Kutoka juu nilisikia ile ngo, ngo, ngo, na moyo wangu ukatulia.

Siku moja mchimbaji mmoja alichoka kungoja. "Mzee, si tumeshaomba?"

"Nimemwomba Mungu anipe masikio," mzee akajibu kutoka chini. "Sasa nyamaza niyatumie."

Upande mmoja wa ile njia aliufunga kwa matawi ya miiba. Mshipa ulikuwa mzuri huko, lakini dari ilikuwa mbovu. Miaka mingi watu walifika mpaka kwenye miiba ile, wakamulika na tochi, wakameza mate, wakarudi. Njaa ilikuwepo tangu wakati huo, msidhani imeanza juzi. Lakini njaa peke yake haikuwavusha.

Vumbi la mwamba lilimkaa mzee kifuani, akarudi kwake kufa polepole. Mwenye mgodi akatuletea msimamizi wa pili, mtu wa makamo aliyekuwa akihubiri Jumapili. Sitamsingizia. Hakuwa mwongo wala mwizi, na hakuna siku aliyomtuma mtu mahali ambapo yeye hakutangulia. Alikuja na chupa ya mafuta ya upako, akapaka winchi, akapaka mitaimbo, akapaka mapaji ya wachimbaji. Akasema shimo hili limekabidhiwa kwa Bwana, na kilichokabidhiwa hakiguswi.

Baada ya siku hiyo kugonga kukawa aibu. Hakuna aliyekukataza, ila ukigonga uliitwa Tomaso. "Tomaso huyo! Mpisheni atie kidole kwanza!" Mwanaume atavumilia njaa na vumbi, lakini kuchekwa na wenzake gizani hawezi. Na ile miiba ikaondolewa.

Aliyekataa kuvuka alikuwa mmoja tu, mlevi wetu, ambaye kanisani hakuonekana hata Krismasi. Walimwuliza kwa nini.

"Nyinyi mna mtu huko juu wa kuwatetea," akasema. "Mimi nikiangukiwa, nani ataniombea msamaha? Niacheni nichekeche mchanga wangu."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Lakini hebu fikirini: asiyeamini kitu ndiye aliyekuwa mwangalifu.

Miongoni mwa waliovuka alikuwa Mwakio, mume wa binti yangu Mghoi. Kwetu mama mkwe na mkwewe hukaa mbali kwa heshima. Hamtaniani, hamshikani mikono, na ukiwa na la kumwonya unamtuma mtu. Na mimi nilikuwa namshusha shimoni kila siku! Akijifunga kamba alinigeuzia mgongo, nami nilitazama winchi. Tuliheshimiana hivyo, maisha yake yakiwa mikononi mwangu.

Nilipoona sisikii tena mtaimbo wake, nilimtuma Mghoi. "Mwambie mumeo agonge."

"Nimemwambia, mama. Anasema akigonga wanamwimbia wimbo wa Tomaso. Hata nyumbani anaota ule wimbo."

Asubuhi moja msimamizi alisema leo wanaingia mwisho kabisa wa upande ule, yeye na Mwakio. Nikavunja desturi. Nilimwita mkwe wangu kwa jina mbele ya wanaume.

"Mwakio. Huko ndani, gonga."

Mmoja akaangua kicheko. "Haya! Leo Tomaso ameletwa na mama mkwe!"

Mwakio akainamisha kichwa. "Nimesikia, mama."

Msimamizi hakukasirika. Alinijia akitabasamu. "Mama, unaogopa nini? Au Mungu wa Bura halindi mpaka huku Mraru?"

"Mungu ni huyo huyo," nikamwambia. "Na mwamba ni huo huo."

"Basi nitatangulia mimi." Akajifunga kamba, akashuka. Mwakio akamfuata.

Niliinama nikasikiliza. Nikasikia ngo. Nikasikia ngo ya pili. Halafu nikasikia kicheko cha mtu, na mtaimbo ukanyamaza. Mpaka leo sijui aliyecheka ni msimamizi au ni Mwakio mwenyewe, akijicheka kwa haya.

Vumbi ndilo lililopanda kwanza, kabla hata hatujaelewa ule mshindo. Kamba ikatikiswa ovyo. Tukazungusha winchi kwa nguvu zote, akatokea msimamizi, mweupe kama mtu aliyemwagiwa unga, sikio likivuja damu.

"Mwakio yuko wapi?"

"Bwana ni mkuu," akasema. "Bwana ni mkuu." Hakuwa na neno lingine.

Wachimbaji walichimba kwa mikono, na yule mlevi alishuka nao. Walipomfunga Mwakio kwenye kamba, wanaume walitaka kunitoa kwenye winchi. Nilikataa. Mimi ndiye niliyemshusha, nikampandisha. Na alipofika juu nilimpangusa uso, mkwe wangu ambaye sikuwahi hata kumshika mkono.

Kwenye mazishi msimamizi alisimama na bandeji yake, akatoa ushuhuda: jinsi jiwe lilivyopita karibu na kichwa chake, jinsi alivyohisi mkono ukimsukuma nyuma. Watu walipiga makofi, na wengine walilia. Jeneza lilikuwa papo hapo mbele yao. Nilidhani baada ya msiba ule watu wataogopa shimo. Wapi! Wiki iliyofuata waliofika kuomba kazi walizidi wa kabla, kila mmoja akitaka kupakwa mafuta na mtu ambaye mwamba ulimkosa. Aliyeokoka alizunguka akisimulia. Aliyekufa hatoi ushuhuda.

Nilibaki kwenye winchi kwa sababu ya wajukuu, mpaka bega likakataa. Sasa nimestaafu, kama neno hilo linamfaa mtu ambaye hakuna aliyemuaga. Vijana huniuliza kama imani humfanya mtu athubutu. Humfanya, tena sana. Nimeiona ikiwavusha watu pale ambapo njaa ilishindwa. Lakini nilimwona na yule mzee wa kwanza, ambaye sala yake ilimfanya asikilize zaidi. Mimi bado nasali, na siombi radhi kwa hilo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mkwe wangu alikufa kwa kupungukiwa imani, eti ushahidi ni zile ngo mbili.

Yule msimamizi ana kanisa lake sasa, na Mghoi huenda huko kila Jumapili. Jambo hilo lilinichoma kwa muda mrefu. Mwishowe nikamwuliza bila kuzunguka.

"Makanisa yote haya, mbona kwa huyo?"

Alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho. "Mama, yeye ndiye mtu wa mwisho kumwona Mwakio akiwa hai. Akisimulia siku ile, nami namwona."

Nikavuta fungu la mboga, nikachambua naye. Mimi siku ile nilikuwa juu.