Bakuli la Ijumaa

Mjukuu wangu, hii ni mara ya tatu wiki hii unanieleza kwamba mama mkwe wako hakugusa pilau yako. Nimechoka kuisikia hiyo pilau. Kaa hapo nikusimulie upuuzi wangu mwenyewe, maana iko Ijumaa moja kule Kisarawe ambayo hadi leo nikiikumbuka nakunja uso.

Enzi hizo za Mwingereza, mimi na babu yako tulikaa Visiga, kando ya shamba la mkonge. Babu yako alikuwa kibarua wa fundi mwashi mmoja Mtaliano. Fundi huyo aliishi na mkewe, mtoto wao mdogo, na mama yake mzazi, bibi mfupi wa nguo nyeusi tuliyemwita Mama Roza. Sisi tukiamka kuswali alfajiri, yeye tayari yuko barazani na rozari yake, midomo inacheza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilipopata mimba alinijia kila siku, akanikanda miguu, akafumua sweta ya mjukuu wake amfumie mwanangu kofia. Kofia ya sweta, kwa joto la Visiga! Nilimvika hivyohivyo.

Nilijifungulia Kisarawe kwa mama yangu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Arobaini ikaangukia Ijumaa, baba akachinja mbuzi. Mama Roza alitoka Visiga, kipande kwa lori, kipande kwa miguu, jua kali na umri ule. Nikampakulia mwenyewe mnofu mzuri mbele ya mashangazi zangu wote. Akausogeza pembeni, akawa anakula wali mkavu.

"Ijumaa mimi hapana nyama, mwanangu," akasema. "Kwa Mungu."

Nikaona ananidhihaki. Ijumaa ni siku yetu, ndiyo siku ya kula vizuri. Yeye ana Jumapili yake, anaingiliaje Ijumaa ya watu? Nikaichukua sahani kabla hajamaliza, nikasema kwa sauti, "Kama chakula chetu kichafu, acha." Yeye akamfunika mtoto vizuri, akaaga, akaondoka.

Niliporudi Visiga nikamnunia. Mwezi mzima, mwanangu! Alibisha hodi mara mbili. Mara zote mbili nilimchungulia kwenye ufa wa mlango, mtoto nimemtia ziwa asilie, nikakaa kimya kama sipo. Nilijiona mtu mwenye heshima zake.

Hata babu yako aliponiambia kazi imekwisha, kwamba fundi na watu wake wanahama Jumamosi, nikasema safari njema. Nikaenda kulia jikoni na kusingizia moshi.

Kesho yake mama akaja kumwona mjukuu. Hata hajakaa, akauliza, "Bakuli langu liko wapi?"

"Bakuli gani, mama?"

"Nililomfungia yule bibi nyama yake, ale Jumamosi. Hajakuletea?"

Nikamweleza yote, maana siku ile yeye alikuwa jikoni, nikitegemea atanitetea. Mama alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Wewe mchana wa Ramadhani ukiletewa chai, unakunywa?"

"Sinywi."

"Na aliyekuletea akikupokonya kikombe, akakutukana mbele za watu?" Akanipokea mtoto. "Nenda kalete bakuli langu. Sasa hivi."

Nikaenda. Nyumba nzima ilikuwa masanduku, imebaki meza tu. Juu ya meza bakuli la mama, limefunikwa kitambaa, ndani mna mkate wa moto.

"Mkate wa tatu huu," Mama Roza akasema. Hakukasirika, alichoka tu. "Wa kwanza, wewe hapana fungua. Wa pili, wewe hapana fungua. Kuku wamekula."

Nikalia pale pale, nikamwomba radhi. Akanifuta shavu kwa mkono wenye unga, akauliza, "Mtoto iko wapi?" Akajitanda mtandio wake, tukaenda.

Zilibaki siku nne. Mwezi mzima nilikuwa nao mkononi, nikaufungia komeo! Ijumaa nikampikia kunde za nazi, akala sahani mbili. Jumamosi lori likawachukua, na sikumwona tena.

Sasa wewe na pilau yako. Umemuuliza mkweo kwa nini hakula? Hujamuuliza, umekuja kunisumbua mimi. Labda ana sukari, labda ni meno, labda ana nadhiri yake na Mola wake. Mtu akikataa chakula chako, muulize kwanza, kwa upole, na akikujibu msadiki. Akija mlangoni kwako mfungulie hata kama bado umekasirika, maana hujui anahama lini.

Lile bakuli liko kabatini, lenye ufa ukingoni. Litie kunde, umpelekee leo hii. Mungu akupe moyo mwepesi kuliko niliokuwa nao mimi, na akujaalie urudi nalo lina kitu ndani.