Siku Mama Alizungushwa Nyuma

Hapana, usiniambie ati ulikuwa mchezo tu! Kaka yangu Kamau jioni hii yote ananirudia hayo, "Wairimu, si ni mchezo, kwani nani amekufa?" na mimi namjibu hakuna aliyekufa, lakini kama ardhi ya huku Bahati ingepasuka pale mbele ya veranda ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Aibu niliyoona, na ile kofia ya manyoya kichwani (ndiyo, kofia, ngoja nifike), siwezi kumtakia hata yule Josphat.

Ilikuwa hivi. Miss Harriet, mzungu anayefundisha chuo kikuu Nairobi, alileta wanafunzi wake semina ya siku mbili kwa ile nyumba kubwa ya setla aliyeuza shamba akaenda zake Ulaya. Walikuja kujifunza mambo ya rangi, nani alikaa wapi, nani alikula nini, na kwa nini Uhuru umekuja na bado wengine wanaona haya kupita mlango fulani. Mimi nilikuwa wa kupiga taipu tu, nimemaliza Form Four nakaa bila kazi, lakini Miss Harriet alikuwa ameniahidi kwamba nikifundisha kipindi kimoja vizuri atanichukua Nairobi niwe msaidizi wake. Nairobi! Basi nikamwita Mama kutoka Subukia aje anione nikifundisha watu wa chuo kikuu, Mama ambaye zamani alifua nguo kwa nyumba hiyo hiyo.

Nikaona hotuba itawalaza, nikabuni mchezo. Kila mtu achague kitambaa ndani ya kikapu bila kuangalia, afunge mkononi. Weupe wakae kwa viti vya veranda wale keki, kahawia wakae kwa benchi wapate chai bila keki, weusi wasimame juani nyuma ya kamba. Miss Harriet akapata cheusi, akasimama pale akigeuka rangi ya nyanya, amefurahi kama amealikwa arusi. Gurdeep, kijana Singasinga ambaye baba yake ana duka mjini Nakuru, akapata cha kahawia akapiga kelele, "Dada, hata kwa mchezo mimi ni wa katikati!" Wote wakacheka. Na kwa vile lazima kuwe na mkubwa, nikajipa mwenyewe kazi ya memsabu, bibi mzungu wa nyumba, nikafunga ile kofia ya manyoya chini ya kidevu, nikajifunga kengele mkononi, nikakaa kwa kiti kikubwa kabisa. (Nani alinituma?)

Halafu nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Kanuni ni moja! Hakuna kutoka kwa mchezo mpaka nipige kengele, hata akija nani."

Hata akija nani! Kichwa changu hiki.

Sasa huyo Josphat, mmoja wa wanafunzi, baba yake ndiye amenunua mashamba huko chini, alipata cheupe, na hakuchukua muda kuzoea. Akanyoosha miguu, akaita, "Boy! Chai imepoa!" na wenzake weusi kwa kitambaa wakaleta, wanamlaani kwa Kiluhya na kwa Kijaluo, na mimi nakula keki najiambia somo linaingia vizuri sana.

Ndio nikasikia, "Hodi hapa."

Mama. Amevaa gauni lake la kanisa na viatu vyeusi vya kuazima. Kabla sijameza keki Josphat amesimama juu ya ngazi. "Wee mama! Kitambaa chako kiko wapi?"

"Kitambaa gani, mwanangu?"

"Huna? Basi zunguka nyuma! Huku si kwenu."

Mama akaniangalia. Akaniona kwa kiti, na kofia, na keki. Mimi nikafungua mdomo, na wallahi nikakumbuka kanuni, nikakumbuka Nairobi, nikafunga. Yeye akainama akavua viatu, akavishika mkononi, akazunguka nyuma, na hakuuliza njia.

Hapo nikaruka. Lakini kengele ilikuwa imefungwa kwa mkono, inalia ovyo, kofia imenishukia machoni, nikajikwaa kwa ile kamba, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga kwa mguu wa meza ya chai. Meza ikaja. Birika, vikombe, keki, vyote vikanifuata chini, nikalala kwa nyasi krimu iko mpaka masikioni, na hao watu wa chuo kikuu unajua walifanya nini? Walipiga makofi! Walidhani ni sehemu ya somo. Gurdeep peke yake ndiye alikuja akaninyanyua, akaniuliza polepole, "Yule ni mama yako?"

Nikamkuta jikoni anaosha vikombe.

"Mama, wacha hivyo."

"Nimekuharibia kazi?" akauliza. "Niliona umekaa na wakubwa, nikasema nisikuaibishe."

Nikatoka kama moto, nikamwendea Josphat, nikamwita majina siwezi kuyaandika hapa, naye akanitazama tu. "Lakini dada, si wewe ulisema hata akija nani?" Na ni kweli! Hicho ndicho kilinichoma. Halafu Miss Harriet akaja, pua imebabuka, anashangilia, "Wairimu, vizuri sana! Mama yako ni mfano mzuri kabisa! Kesho aje tena, afanye vile vile, tuwaonyeshe wale waliosimama nyuma hawakuona vizuri."

Afanye vile vile! Mama yangu, mfano!

Nikavua kofia nikamwekea mikononi. Mama naye hakutaka kiti chao wala chai yao, alivaa vile viatu barabarani akarudi Subukia. Kwa hivyo, Kamau, sema mchezo mpaka uchoke, mimi nimeshaamua. Kesho asubuhi hakuna somo kwa hiyo nyumba. Nitawaambia anayetaka kumjua mama yangu apande lile lori lililowaleta twende kwake Subukia, abishe hodi, angoje kukaribishwa. Mimi nitasimama mlangoni mbele ya wote, Nairobi iende ikitaka kwenda, nitamwomba Mama msamaha, Josphat na Miss Harriet wakisikia, na Mama akikataa kufungua tutarudi vile tulivyokuja.