Nilivyotoka depo ya jeshi la mkoloni nikamwaga sinia ukweni, Mkwaja

Salaam wakuu. Umri wangu ni mkubwa kuliko wengi humu na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu ya kutia chumvi. Haya yalinipata mwenyewe.

Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilirudi kwetu Mkwaja kwa likizo ndefu baada ya mafunzo ya jeshi. Kifua mbele, buti zinang'aa.

Ndani nilikuwa hoi. Usingizi sina. Nimekaa barazani tu, moyo unakwenda mbio.

Siku hizi madaktari wanasema ni homoni za stress, mwili unaendelea kuzimwaga hata hatari ikiisha. Sisi tulijua jina moja: pepo.

Nilikuwa nimemposa Mwanahawa, na nilimpenda sana. Baba yake, Mzee Kombo, akanialika chakula cha mchana.

Sasa ukweni mtu hula kwa haya, tonge ndogondogo. Mimi depo nilizoea kula wima; filimbi ikilia, kilichobaki unamwaga. Nikaufakamia wali wa watu.

Mara sufuria ikaanguka jikoni. Nikaruka, mguu sawa, mikono ubavuni. Sinia likapinduka, mchuzi wote kwenye kanzu ya mzee.

"Huyu ana pepo," akasema taratibu. "Mwanangu simpi."

Mama yangu akaanza kutafuta mganga wa kunipigia ngoma. Ngoma, mimi niliyekuwa nashtuka mlango ukifungwa! Wangenimaliza.

Nikaona bora nikaseme mwenyewe. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamweleza yote: filimbi, matusi, kukurupushwa usingizini, na kwamba naogopa. Askari kumwambia mkwe anaogopa! Niliona aibu sana.

Mzee akasema: "Basi uje ule hapa kila siku. Siku utakayoshiba umekaa, tutazungumza harusi."

Nikawa naenda. Kila siku lazima kitu kianguke jikoni, nami naruka. Mzee anakula polepole, ananisimulia nguruwe walivyomaliza mihogo yake.

"Kula, mwanangu. Hapana anayetufukuza."

Siku moja kifuniko kikaanguka kwa kishindo. Niligeuza shingo tu, nikaendelea na tonge. Nilipong'amua sikuruka, machozi yakanitoka.

Mzee akaita jikoni: "Mwanahawa, basi sasa, utatuvunjia vyombo. Mwenzio amepona."

Kumbe sufuria ya kwanza tu ndiyo ilikuwa ajali. Zilizofuata alikuwa akiangusha makusudi, ananizoeza.

Tulioana likizo ileile.

Wakuu, mwili uliofundishwa hofu hautulii kwa kufokewa wala kwa kuitwa mwoga. Unazoezwa upya, pamoja na watu wanaokutaka.

Wenye vijana waliotoka depo juzi, hebu niambieni: wanakulaje huko nyumbani?