Mjomba wa Kila Mtu

Kwetu, msibani humuulizi mtu yeye ni nani. Anayefika analia, anapewa mkeka na uji, na zamu ya kuchota maji ikimkuta anachota. Ukimwambia, "Samahani, wewe ni wa nani?" umemtukana mbele za watu, umemwambia kwamba amefuata chakula. Nimekulia ndani ya adabu hiyo na bado naipenda, ndiyo maana haya ninayoyaandika yananiuma.

Babu alipofariki nilikuwa darasa la saba. Tulimzika ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na ukoo ukajaa hadi mama yangu, mtu anayeweza kulala hata juu ya gunia la karanga, akakosa pa kujinyoosha. Matanga yalipoanuliwa, mjomba wangu mkubwa akafungua grupu la ukoo kwenye simu ili tusipotezane tena. Linki ikapita simu hadi simu, na aliyetaka kuingia akaingia.

Mimi niliingizwa kwa ajili ya bibi. Nilikuwa na simu ya zamani ya mama, yenye kioo kilichopasuka, niliyopewa nijisomee. Bibi hakujua kusoma, lakini ile alama ya kurekodi sauti aliifahamu kuliko wasomi wote wa ukoo. Kila asubuhi, huku kwetu mjini, Pasiansi, nikinywa chai, sauti yake ilinifikia kutoka ng'ambo ya maji: "Mmeamkaje, wanangu? Huku mvua imenyesha. Yule kuku mwenye kishungi ameangua. Michembe yangu, viazi vyote nilivyokata nikaanika, imelowa, sijui ni nani kati yenu aliyeniombea mvua." Alicheka, akakohoa, akasahau kuzima, tukasikia akimfukuza mbuzi. Shikamoo zikamiminika, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja.

Aliyekuwa wa kwanza kumwamkia kila siku alikuwa mtu tuliyemwita mjomba wa Geita. Hakuna aliyekumbuka sura yake msibani, lakini nani angekumbuka sura zote zile? Aliandika "Mwangaluka" kama Msukuma yeyote anayejiheshimu, alitoa pole kwa wagonjwa, alimsifia bibi kuku wake. Upande wa marehemu babu ulidhani ni wa upande wa bibi, na upande wa bibi ulidhani ni wa babu. Bibi alimpenda. "Huyu ndiye aliyelelewa," alisema kwenye grupu, nasi wengine tukajua tumesemwa.

Mama akaweka picha yangu ya mahafali, nimevaa sweta lenye jina la shule kifuani. Kila mtu alinipongeza, naye mjomba wa Geita akanipongeza mara mbili: mara moja kwenye grupu, mara ya pili kwenye namba yangu. Sikujibu. Sijui kwa nini, labda nilikuwa na uvivu tu. Ningeubariki uvivu ule ungedumu. Kesho yake sauti ya bibi ikaja, safari hii kwangu peke yangu: "Mjukuu wangu, mjomba wako amenilalamikia. Amekusalimu hujaitika. Tumekufundisha hivyo? Mjibu mjomba wako."

Nikamjibu. Nikaandika shikamoo.

Alikuwa mchangamfu. Aliniuliza masomo, rafiki zangu, mama hurudi saa ngapi kutoka sokoni anakouza vitenge. Alinitumia bando. Akaomba picha, nikamtumia ile ya sare. Akaomba nyingine, ya aina ambayo mjomba haombi. Sikutuma, ila sikusema kwa mtu, kwa sababu sikujua mtoto anamshtakije mjomba, tena mjomba anayesifiwa kila asubuhi. Akasema alikuwa ananitania tu, na utani ni jambo ambalo kwetu huwezi kulikasirikia. Halafu akanigusa mahali penyewe. Alisema ananionea huruma nilivyomkumbuka bibi. Jumamosi nipande kivuko peke yangu, yeye atanipokea gatini Kamanga anifikishe kwa bibi. Nisimwambie mama, tumshtukize.

Alinikataza kumwambia mama, lakini habari ya kumficha bibi hakuitaja. Nami sikuwahi kumficha bibi neno lolote, hata alama mbaya za hesabu nilimwambia yeye kwanza. Nikarekodi: "Bibi, Jumamosi naja. Mjomba wa Geita atanipokea."

Bibi akafurahi kupita kiasi, na furaha yake ndiyo iliyoniokoa. Mgeni wa heshima namna ile hapewi mlenda. Akaamua kuchinja jogoo, kisha akaona si vizuri kumlisha mjomba huyo bila kumwalika na mama yake mzazi. Lakini mama yake ni nani? Akampigia dada yake. Dada yake akasema, si wa kwenu huyo? Akapiga Sengerema, akapiga Geita kwenyewe. Kila nyumba ilimjua na kumsifu, na kila nyumba ilisema ni wa nyumba nyingine. Hadi jioni, ukoo mzima ulikuwa umegundua kwamba mjomba wa kila mtu hakuwa mtoto wa mtu yeyote.

Mama alikuja nyumbani mbio, viatu mkononi. Hakunipiga. Aliichukua simu, akasoma yote akiwa amesimama, kisha akakaa chini sakafuni na kanga yake mdomoni. Jumamosi mimi nilifungiwa kwa jirani, naye na mjomba mkubwa wakaenda gatini na askari. Hakutokea mtu. Pengine alimwona askari, pengine mtu fulani mwenye hasira alikuwa amewahi kumuuliza kwenye grupu yeye ni wa nani. Tulichokiona ni mstari mmoja tu kwamba ametoka kwenye grupu, na ile namba haikupatikana tena. Mpaka leo nikipanda kivuko huwaangalia wanaume wanaosubiri upande wa pili, na huwa nachukia kwamba nawaangalia.

Grupu likafungwa siku ileile. Wakubwa walifanya kama wafanyavyo wakubwa: walinyamaza, wakaniambia nisahau, nisome kwa bidii. Bibi hakuna aliyekaa naye kumweleza yaliyotokea. Aliambiwa tu kwamba mambo ya simu yamekwisha. Asubuhi iliyofuata nilikunywa chai bila sauti yake, na iliyofuata hivyohivyo. Tulipokwenda kumtembelea Krismasi alinipakulia matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, kisha akamwambia mama nikiwa nasikia, "Ni mimi niliyemwambia amjibu." Mama akasema, "Yameisha, mama." Hayakuwa yameisha. Bibi alihitaji mtu wa kumwambia kwamba yule mtu alitudanganya sote, na kwamba jogoo wake ndiye aliyemfichua. Tulimwachia kosa lote alibebe peke yake, tukaita huko kumpumzisha. Najutia hilo kuliko hata ile shikamoo.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Buhongwa, na walipotafuta mtu wa kuzungumza na wanafunzi na wazazi juu ya usalama mtandaoni nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza. Mabango tuliyoletewa yanasema usiongee na usiyemjua. Maneno mazuri, ila nilipokuwa mtoto sikuwahi kuongea na nisiyemjua. Niliongea na mjomba. Kwa hiyo mimi nawaambia watoto: ndugu akija kwa simu, muulize ni wa nani, na akikwambia usimwambie mama, siku hiyohiyo mwambie mama. Nawaambia wazazi kila nyumba iwe na swali lake, jambo ambalo wa nyumba hiyo tu ndiye anayelijua. Kwenye kikao kimoja baba mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, unatufundishia watoto wawe na kiburi. Niulizwe na mtoto wa dada yangu mimi ni nani?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba ndiyo, aulizwe, na ajibu kwa upole. Hakufurahi, nami nilimwelewa vizuri sana.

Likizo iliyopita nilimfundisha bibi pia. Siku hizi anapokea simu za kupigiwa, basi, na amezeeka. Nilimwambia, "Namba usiyoijua ikipiga, muulize jambo la hapa nyumbani. Akishindwa, kata." Alinisikiliza huku akiendelea kumenya karanga. Nilidhani hajanielewa.

Mwezi uliopita nikaibiwa simu sokoni. Nilipopata laini mpya, mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa yeye.

"Shikamoo bibi. Ni mimi, mjukuu wako wa Buhongwa."

Hakuitikia marahaba. Nikasikia kuku. Kisha akauliza polepole, "Siku ile ya mvua ya mawe, ulijificha wapi?"

Mvua ya mawe niliikumbuka, na kelele zake juu ya bati, na babu akipiga mayowe kuhusu mahindi. Nilipojificha sikupakumbuka. Nikasema, "Chini ya kitanda chako."

"Hapana," akasema, bila ukali. "Basi sikufahamu, mwanangu. Nenda salama." Akakata. Nikapiga tena, hakupokea.

Kesho yake nilivuka. Alikuwa uani akianika michembe, akaniona tangu mbali, akaanza kucheka na kujifuta mikono kwenye kanga. Nilipiga goti nikamwamkia. Safari hii aliitikia, akanishika uso kwa mikono yote miwili kama anayepima tikiti maji.

"Kumbe ulikuwa wewe kweli," akasema. "Ulijificha ndani ya kihenge. Tulikutoa una pumba hadi masikioni." Akacheka tena, kisha kicheko kikamwishia. Hakuyaachia mashavu yangu. "Sauti niliijua, mjukuu wangu. Ila ulisema nikate. Nilifanya vizuri?"

"Ulifanya vizuri, bibi," nikamwambia.