Swali la Alhamisi ya Kupaa

Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na kwa karibu mwaka mzima baada ya kumzika niliendelea kumsikia akijaza upepo baiskeli yake. Kila nilipolala nyumbani Magoma, alfajiri ilikuwa ileile: pampu inashuka, inapanda, inatulia kidogo kama mtu anayebonyeza tairi kwa kidole gumba, halafu inaanza tena. Nikitoka, naikuta baiskeli imeegemea ukuta wa jiko, tairi zote mbili zimelala. Nilimwuliza mama kama anasikia chochote. Akasema hasikii kitu, nile vizuri, nimekonda.

Sikuwa mtu wa kuamini mizimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yetu iko Hale, na mchana kutwa nashinda kwenye kelele. Nilijiambia ni masikio tu. Lakini masikio yangeweza kuchagua sauti yoyote, na mimi nilijua kwa nini yalichagua pampu.

Kila baada ya wiki mbili baba alipakia baiskeli kwenye basi hadi Segera, akabadili gari la kwenda upande wa Handeni, akateremka njiani na kuendesha mwenyewe mpaka nyika kavu wanakoishi wafugaji. Huko alikuwa amesimamisha banda la mabati lisilo na kuta, na watu wazima wachache walikuwa wakijifunza ili wabatizwe. Mwaka aliofariki alinipigia simu mara tatu. "Njoo twende wote Alhamisi ya Kupaa. Kuna swali kule linakungoja wewe." Swali gani, sikuuliza. Nilisema nina mageti ya mteja. Hale na Magoma si mbali, siwezi kusingizia kwamba kuna bahari katikati. Mara ya tatu nilimpandishia sauti kabisa: "Baba, Yesu alishapaa, hanisubiri mimi!" Akacheka. "Basi nitawaambia tumesogeza mbele mpaka upate nafasi."

Akaahirisha kwa ajili yangu. Wiki chache baadaye homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi tukamzika.

Arobaini yake tuliifanya pale nyumbani. Ukoo wetu umechanganyika: baba mkubwa ni Mwislamu, alikuja na ubani na wenzake wakasoma dua upande wa migomba, wa kanisani wakaimba upande wa jiko, na wote wakala pilau ya sufuria moja. Siku hiyo ndiyo vitu vya marehemu hugawanywa. Koti lilipata mtu, viatu vikapata mtu, hata miwani. Baiskeli haikuguswa. Kila aliyeitazama alimalizia kwa kunitazama mimi, nami nikainua macho kwenye bati kama mtu anayetafuta panapovuja.

Kupaa ya mwaka uliofuata nilikwenda. Sikwenda kwa uchaji, nilikwenda ili pampu inyamaze. Baiskeli niliiacha, niliogopa hata kuishika. Kutoka barabarani nilichukua bodaboda. Chini ya banda niliwakuta watu kama ishirini, na nikawasomea habari za siku arobaini baada ya Yesu kufufuka, na za wanafunzi waliosimama mlimani wakitazama juu, hata wingu lilipokwisha kumficha. Kisha nikataka kumpa baba heshima yake. Nikasimama wima, nikalitaja jina lake kwa sauti kubwa, nikasema leo tunamkumbuka. Nikalitaja tena, na la babu juu yake.

Kina mama waliinamisha vichwa. Mzee mmoja aliyekaa mbele aliokota fimbo yake akatoka nje, akafuatwa na wa pili, na muda si mrefu banda lote lilikuwa tupu. Alibaki mama mmoja wa makamo, kibuyu cha maziwa mapajani.

"Yeyo, nimekosa nini?" nilimwuliza, kwa neno wanalotumia wao kumwita mama.

"Aliyekufa hatajwi jina, mwanangu. Kwetu hapana. Ukimwita unamrudisha, hapati kupumzika." Alinitazama usoni. "Wewe unamwita kila siku, eeh?"

Nilimwambia yote, pampu na simu na mageti na maneno niliyomjibu baba. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, na sikuona aibu.

Hakunibembeleza. Alisema, "Sasa nisikilize. Yule wenu wa msalabani naye alikufa. Baba yako alitufundisha habari zake mpaka kaburi. Lakini mnamtaja asubuhi, mnamtaja jioni, na hamwogopi. Nikamwuliza baba yako kwa nini. Akasema, huyu yu hai. Nikasema, kama yu hai, yuko wapi, tukamsalimie? Akacheka. Akasema, hilo atakuja kulijibu mwanangu, siku ya Kupaa."

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nilitoa jibu la darasani: ameketi mkono wa kuume wa Mungu.

"Kuume ni upande gani ukiwa hapa?" akauliza. Hakuwa anatania.

Nikaacha ya darasani, nikashika yale ninayoyajua. Nilimwambia, "Yeyo, angebaki duniani angekuwa mgeni wa boma moja. Wenye magari wangemwahi, na wewe ungesikia sifa zake tu. Amekwenda mahali ambapo boma lako na la mfalme yote yapo karibu naye sawasawa. Ukimwita hapa anasikia, na humsumbui, kwa sababu hayumo kwenye wafu. Na kazi ya kutembea aliwaachia wale waliosimama wakitazama juu." Nilipofika hapo nikasikia kwamba nilikuwa najisema mwenyewe.

"Basi msamaha unaoutaka mwombe huyo anayesikia," alisema. "Baba yako mwache alale. Yeye alikuwa anatembea. Sasa nani anatembea?"

Kumbe waliotoka hawakuwa wamekwenda mbali. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha zizi, wakisikia kila neno. Yule mzee wa fimbo alisema kutoka kulekule, akiniita kijana kwa lugha yao, "Yero, uje mapema. Kiangazi kikikaza tunahama na ng'ombe, hutatukuta." Kisha akarudi kukaa, na wengine wakarudi.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, mama alitoka kwa kishindo, khanga ameikumbatia kifuani, akasimama kwenye mlango wa nyuma.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya ukuta wa jiko, pampu mkononi, tairi ya nyuma imeshajaa. Mama aliketi kizingitini taratibu.

"Nimeisikia pampu hii mwaka mzima," alisema. "Niliona nikikuambia utaogopa kulala nyumbani." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Ya mbele nayo ibonyeze kwa kidole. Yeye alikuwa anabonyeza."

Nikaibonyeza. Ilikuwa bado laini, nikaendelea kujaza.